Hom thieta ya bajeti ndogo: kabla hujauliza wati ngapi, geuza nyuma uangalie matundu

Swali ninaloulizwa sana na washkaji ni hili, nina laki tano sita hivi, nikijikaza nafika nane, nataka hom thieta ya sebuleni nichukue ipi? Na wengi wakiuliza hivyo wanakuwa wameshaichagua tayari, wameiona Kariakoo ina spika ndefu za kusimama, taa za rangi zinacheza zenyewe, boksi limeandikwa wati elfu kumi na kitu, wanachotaka kwangu ni ndio moja tu wakalipie. Mi huwa siitoi hiyo ndio. Nauliza kwanza hapo nyumbani mnaangalia nini, na hicho mnachoangalia kinatokea wapi, king'amuzi, fleshi, Netflix au simu, manake kwenye jibu la swali hilo ndo hela yako inapona au inapotea, urefu wa spika hauna msaada wowote hapo.

Nasisitiza hili kwa sababu laki sita ni hela. Kuna mtu ameichanga kwenye kijumbe, zamu yake imefika, anataka familia ikae pamoja jumamosi usiku iangalie muvi vizuri, alafu anauziwa mashine ambayo haiwezi kufanya kile kitu kilichoandikwa kwenye boksi lake. Inaniuma sana hiyo.

Tuanze na hiyo namba 5.1, manake siku hizi imebandikwa kila mahali. Tano ni chaneli tano za sauti kamili, mbele kushoto, mbele katikati ambayo tunaiita senta, mbele kulia, alafu saraundi mbili kushoto kwako na kulia kwako. Hiyo nukta moja ni chaneli ya besi peke yake, ya milipuko na mitetemo, inabeba sauti za chini zisizovuka Hezi 120. Jumla njia sita. Fundi sauti wa filamu amekaa studio akaamua gari lianzie nyuma kulia, lipite ubavuni kwako, liishie mbele kushoto, na kila hatua ameiweka kwenye njia yake. Kwenye majumba ya sinema ilisambaa kwa mfumo wa Dolby Digital ulioanza mwaka 1992, mfumo mwenzake wa DTS ukafuata 1993, na DVD ilipoanza kuuzwa Japani 1996 ndo 5.1 ikafungua njia ya kuingia sebuleni kwa watu wa kawaida. Sasa zile njia sita hazisafiri zikiwa sita, zinabanwa zinakuwa mkondo mmoja wa data, ni kama bahasha moja yenye barua sita ndani, lazima huku zinakofika awepo wa kuifungua na kumpa kila mmoja barua yake. Huyo mfunguaji ndo dikoda. Kama dikoda haipo hata ufunge spika kumi na mbili hakuna itakayojua iseme nini.

Haya, geuza sabufa nyingi za mtaani uangalie nyuma. Utakuta tundu mbili, nyekundu na nyeupe, pembeni pa fleshi, pa kadi, redio na blututhi. Tundu mbili ni njia mbili, kushoto na kulia, basi. Blututhi ya kawaida nayo inabeba mbili hizo hizo. Kwa hiyo hata kama boksi limeandikwa 5.1 na spika tano kweli zimo, kinachotokea ndani ni ile kushoto na kulia kurudiwa kwenye spika zote, ya nyuma inasema kile kile cha mbele, na mtu anasema aah sauti imejaa. Imejaa kweli lakini gari halipiti popote. Sisemi sabufa ni mbaya jamani, kwa singeli, kwa bongo fleva, kwa kipaimara uani, sabufa nzuri inafanya kazi yake vizuri na bei yake watu wanaimudu. Ila kama ulichofuata ni saraundi ya filamu basi hujaipata hapo.

Unachotafuta nyuma ya mashine ni tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yani linalopokea sauti ya TV kurudi kwenye mashine kwa waya wa HDMI, au kile kitundu kidogo cha mraba chenye kifuniko kimeandikwa OPTICAL, na kwenye boksi kuwe na alama ya Dolby Digital au Dolby Audio, ikiwepo na ya DTS ndo vizuri zaidi. Kuna nyingine zina matundu sita yameandikwa FL, FR, C, SW, SL, SR, hizo zina njia sita kweli lakini zinasubiri mashine nyingine izifungulie bahasha, mfano deki ya DVD ya zamani yenye matundu sita ya kutolea, na deki hizo siku hizi kuzipata ni kazi. Mfano mzuri ni zile seti za kompyuta za Logitech. Z506 na Z906 zote zinaitwa 5.1, ukiziona pamoja utadhani zinafanya kazi moja, lakini Z906 ina dikoda ya Dolby Digital na DTS ndani na matundu mawili ya optikali, Z506 haina dikoda wala optikali. Ukiichomeka Z506 kwenye TV kwa waya wa kawaida unapata njia mbili zimesambazwa, ukiichomeka Z906 kwa optikali unapata sita, kwa hiyo usinunue kwa kuhesabu spika.

Sasa turudi kwenye unaangalia nini, na hapa niseme ukweli ambao wauzaji hawaugusi. Kama nyumbani kwenu muvi zinazoangaliwa ni zile zilizotafsiriwa Kiswahili, za kununua kwenye fleshi kwa jamaa wa muvi, saraundi ilishakufa kabla haijafika kwako. Yule mtafsiri amerekodi sauti yake juu ya sauti ya filamu, faili limehifadhiwa stereo, yani njia mbili tu, mara nyingi limebanwa tena liwe dogo liingie kwenye simu. Spika za nyuma hazina kitu cha kwao hapo. Bongo muvi nyingi nazo ni stereo, YouTube karibu yote stereo, taarifa ya habari stereo. Mtu wa namna hii nikimwambia achukue 5.1 nitakuwa namtapeli, huyu hela ile ile aiweke kwenye mbili za mbele nzuri na besi moja nzuri, yani 2.1 ya maana, au 3.1 yenye senta ya kweli, na atasikia tofauti kubwa kuliko jirani yake mwenye spika tano za plastiki.

Lakini kama una Netflix, nenda kwenye muvi yoyote uangalie pembeni ya maelezo, nyingi zimeandikwa 5.1, basi hiyo ni sita kweli. DStv ya HD kuna chaneli za muvi na za mpira zinatoa 5.1, na mpira wenye kelele za mashabiki nyuma yako huku mtangazaji yuko mbele ni raha ambayo sijui niielezeje. Na ukiwa na faili kubwa za muvi kwenye diski yako, cheki zimeandikwaje, zenye AC3 au DD5.1, majina mengine ya Dolby Digital, zinakubali karibu kila mahali, zenye DTS ndo zina kisirani, manake Samsung waliacha kusoma DTS kwenye TV zao kuanzia za 2018, LG wakaacha kuanzia za 2020 wakaja kuirudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Ndo maana unachomeka diski, picha inakuja sauti haiji, unahisi TV imekufa kumbe nzima kabisa, leseni tu ya DTS ndo haimo.

Kuna kitu cha bure kabisa ambacho kinaua saraundi kwenye nyumba nyingi zenye mashine nzuri tayari. Ingia kwenye seting za sauti za TV, tafuta pameandikwa Digital Output au Digital Sound Out, utakuta imewekwa PCM. Ikiwa PCM kwenye ARC ya kawaida au optikali, TV inaifungua bahasha yenyewe, inazichanganya zile sita ziwe mbili, alafu ndo inatuma. Badilisha weka Auto au Bitstream au Pass Through kutegemea TV yako inaitaje. Na kwenye ARC lazima uwashe ile ya HDMI CEC, inayofanya TV na mashine ziongee, Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, isipowashwa sauti haitoki TV kwenda kwenye mashine hata waya uwe wa dhahabu. Pia waya uingie kwenye tundu lililoandikwa ARC lenyewe, sio lolote, TV inaweza kuwa na HDMI tatu na ARC ikawa moja tu. ARC imekuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo hata TV ya miaka kadhaa nyuma inaweza kuwa nayo. Kuna TV za bei ya chini kabisa hazina ARC wala optikali, zina tundu la hedifoni tu, na mwenye TV hiyo asinunue saundi baa, ile spika ndefu ya kulaza chini ya TV, ya ARC kabla hajafikiria, huyo inamfaa mashine yenye HDMI za kuingilia, king'amuzi kinachomekwa kwenye mashine kwanza alafu picha ndo inaendelea kwenda kwenye TV.

Wati sasa. Ile elfu kumi ya kwenye boksi inaitwa PMPO na haina kanuni yoyote inayoibana, kila kiwanda kinaandika kinachopenda. Unachotaka kujua ni RMS, yani wati ambazo mashine inatoa mfululizo kweli, na kama hawajaandika soma kile kibao cha nyuma karibu na waya wa umeme kinachosema mashine inakula wati ngapi. Kibao kikisema 60W basi mashine hiyo haiwezi kutoa elfu kumi, haiwezi hata kutoa 60 mfululizo kwa sababu nyingine zinaishia kuwa joto. Hata seti za kampuni kubwa zilizoandikwa 400 au 1000 jumla, mara nyingi hizo zimepimwa sauti ikiwa imeshaharibika asilimia 10, kiwango ambacho sikio lako litaomba upunguze. Na hata wati za ukweli, ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, ili sikio lisikie sauti kama imezidi maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo kubishana hii 300 ile 400 ni kupoteza muda, sikio halitaiona tofauti hiyo. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati moja tu, mita moja mbele yake, inatoa desibeli kama 85 hadi 88, na hapo tayari mtu wa pembeni lazima upaze sauti ndo akusikie. Sebule zetu hizi za mita nne kwa nne hazina njaa ya wati.

Zina njaa ya senta. Hapa ndo moyo wangu ulipo kwenye hii mada nzima. Mazungumzo ya filamu karibu yote yamewekwa kwenye chaneli ya katikati, na mtu analalamika muvi za siku hizi hazisikiki wanachoongea, anaongeza sauti kwenye maongezi, bomu likilipuka anakimbilia rimoti, mtoto ameamka analia. Senta nzuri inamaliza hiyo vita. Mama yangu masikio yameanza kuchoka, na kwenye mashine yenye senta ya maana anasikia kila neno bila kuongeza volyumu hadi jirani asikie taarifa ya habari yetu. Kwa hiyo ukifika dukani usikubali kupigiwa ule wimbo wao wa kuonyeshea besi, nenda na fleshi yako yenye kipande cha muvi unachokijua cha watu kuongea, cha kunong'ona kabisa kama unacho, mwambie muuzaji ashushe besi hadi chini, sikiliza maneno. Kama maneno yanatoka puani, au yamejificha, weka chini nenda duka lingine, hata kama besi inatingisha milango ya mtaa wote. Ukienda asubuhi kabla Kariakoo haijachangamka unasikia vizuri, mchana kila duka limefungulia la kwake huwezi kupima kitu.

Sasa vitu vyenyewe. Kwa mtu mwenye nyumba ya kupanga, anayehama hama, hataki mambo mengi, na anaangalia vitu vyenye 5.1 ya kweli, mi namwelekeza kwenye seti za saundi baa zinazokuja na besi na spika mbili za nyuma kabisa. Sony HT-S20R ni mfano unaojulikana, senta imo ndani ya baa pamoja na kushoto na kulia, besi ndo imebeba amplifaya, nyuma spika mbili za waya, ina HDMI ARC, optikali, blututhi na fleshi, wanaiandika wati 400 jumla na tumeshaongea kuhusu hizo wati. Kaka yake HT-S40R ameandikwa 600 na spika zake za nyuma zinapokea sauti bila waya toka mbele, ila elewa vizuri, hilo boksi dogo la nyuma linalopokea sauti linahitaji soketi ya umeme, na kutoka kwenye boksi hilo hadi kwenye spika kuna waya bado. Watu wengi wanalipia zaidi kwa neno wayalesi alafu wanafika nyumbani soketi nyuma ya kochi haipo. Ubaya wa seti hizi ni kwamba ni kitu kimoja, amplifaya ikifa vyote vimekufa, na huwezi kuongeza spika nzuri baadaye.

Saundi baa yenyewe peke yake bila spika za nyuma iliyoandikwa saraundi mi siihesabu kama saraundi. Inatupa sauti kwenye kuta ikitegemea zirudi zikudanganye, na ili ifanye kazi inataka ukuta kushoto na kulia kwa umbali unaofanana, sasa sebule zetu upande mmoja ukuta upande mwingine uwazi wa kwenda dining, haifanyi kitu. Kwa kuboresha maneno ya TV sawa, kwa saraundi hapana.

Njia ninayoipenda mimi zaidi, na inataka subira, ni risiva ya mtumba, yani mashine yenye dikoda na amplifaya ndani ambayo spika unazifunga mwenyewe, sio ya dishi. Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer, Sony, zile nyeusi nzito za kiume, ambazo wazungu wanaziuza kwa sababu hazipitishi picha ya 4K. We hiyo 4K huihitaji ipite hapo, picha iende kwenye TV moja kwa moja alafu sauti irudi kwenye risiva kwa ARC au optikali, kwa kazi ya 5.1 risiva ya mwaka 2012 inafungua Dolby Digital sawa sawa na ya mwaka huu. Optikali inabeba Dolby Digital na DTS za kawaida bila shida, inachoshindwa ni zile nzito za Blu-ray kama TrueHD, na kwa bajeti hii usizililie. Uzuri ni kwamba huhitaji kununua vyote siku moja, unaanza na risiva na spika mbili nzuri za mtumba, kwenye seting unaiambia senta haipo, yenyewe inagawa maneno kushoto na kulia na unayasikia katikati kabisa ukikaa sehemu sahihi. Mwezi ukikaa vizuri unaongeza senta, baadaye besi, mwisho ndo za nyuma. Na zina Pro Logic II nyingi ya hizi, inachukua stereo na kuichambua ikupe senta na nyuma za kubahatisha, hata muvi ya kutafsiriwa inapata uhai kidogo, sio saraundi halisi lakini ina raha yake.

Ila kabla hujatoa hela geuza nyuma tena, soma volti za umeme. Mzigo uliotoka Uingereza ni 230 unachomeka tu. Uliotoka Japani ni 100, wa Marekani ni 120, ukichomeka kwenye umeme wetu unavuta moshi sekunde hiyo hiyo, hadi uwe na transfoma ya kushusha inayobeba mzigo huo, na ni nzito, inavuma, inakula hela. Mi nasema achana nayo labda akupe bure. Alafu jaribu kila tundu la HDMI moja moja, risiva nyingi za mtumba sauti nzima HDMI zimekufa, kitu ambacho bado unaweza kukikubali kama optikali inafanya kazi na bei imeshuka. Ingia kwenye menyu pigisha ile sauti ya majaribio ya shhhh inayozunguka spika moja baada ya nyingine, uhakikishe njia zote tano zinatoa na hakuna inayokwaruza. Rimoti iwepo, bila rimoti risiva nyingine huwezi hata kuingia kwenye seting. Na usichukue spika za zile hom thieta za zamani za DVD ukazifunga kwenye risiva, nyingi ya hizo ukinzani wake ni omu 3 au 4 na risiva nyingi zinataka 6 hadi 8, ukiifungulia inapata joto hadi inajizima, au inaungua.

Zile hom thieta za DVD zenyewe zisidharauliwe lakini. Lenzi imekufa haisomi diski, mwenye nayo anaiuza bei ya kutupa, kumbe ndani kuna dikoda nzima na amplifaya ya njia sita. Ikiwa na ARC au optikali ya kuingilia, lenzi unaihitaji ya nini?

Ukishafika nayo nyumbani, kuipanga ni nusu ya kazi. Naingia nyumba za watu nakuta spika tano zote zimepangwa pembeni ya TV kwa uzuri wake, za saraundi zimesimama mbele zikikutazama, sasa gari litapita wapi? Kushoto na kulia ziachane kiasi kwamba umbali kati yao ufanane na umbali wa kila moja hadi kwenye kochi, senta chini au juu ya TV ukingoni kabisa mwa rafu, sio imesukumwa ndani ya kabati. Za saraundi ziwe ubavuni kwako kurudi nyuma kidogo, kitaalamu digrii 100 hadi 120 toka mbele, juu ya usawa wa masikio kidogo. Kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, na kwetu ndo kawaida, zifunge kuta za pembeni, usizipachike nyuma ya kichwa. Alafu ingia kwenye seting uweke umbali wa kila spika, sauti inachukua kama milisekunde 3 kwa kila mita, mashine inatumia namba hizo kuchelewesha za karibu ili zote zikufikie pamoja.

Besi ina tabia yake. Wimbi la Hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko sebule yenyewe, ndo maana kona moja besi inanguruma na ukihama kochi imepotea. Dawa yake ni hii, liweke boksi la besi pale unapokaa wewe, juu ya kochi kabisa, fungulia kitu chenye besi, alafu tembea ukiinama pembezoni mwa kuta, pale utakaposikia besi imetulia na kueleweka ndo mahali pa kuliweka. Nyumba zetu za tofali na marumaru zinarudisha sauti sana, piga kofi moja katikati ya sebule, ukisikia mlio unarudi basi zulia nene na pazia zito vitakusaidia kuliko spika mpya. Na kama mmepanga chumba kwa chumba, besi inapita ukuta hata kama maneno hayapiti, usiku ishushe na uwashe ile seting ya Night au DRC inayobana milipuko ili maneno yabaki.

Waya usinunue ule mwembamba wa rangi rangi, wala wa bei mbaya wenye boksi lake. Nenda duka la vifaa vya umeme chukua fleksi ya milimita 1.5 ya nyuzi mbili, kwa mita kumi inatosha kabisa. Kwangua kwa kiwembe, ikiwa nyeupe ndani ni alumini imepakwa shaba, tafuta nyingine. Chanya na hasi zisipishane, spika moja ikigeuzwa besi inakonda na maneno yanakosa mahali, watu wanarudisha mashine dukani kwa hilo tu. Weka TV guard, umeme ukikata na kurudi kwa nguvu uikute hiyo kwanza. Kuhusu Luku ondoa hofu, mashine ya namna hii kwa volyumu ya kawaida ikila wati 50 kwa saa nne kila usiku, uniti moja inakupeleka siku tano, TV yako inaweza kuwa inakula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwenye laki nane na chini, anayeangalia Netflix na mpira wa HD, TV ina ARC, na anapanga, achukue seti ya baa yenye spika za nyuma alale. Mwenye subira na kwake pa kudumu achukue risiva ya mtumba ya 230 aanze na spika mbili. Wa muvi za kutafsiriwa achukue 2.1 au 3.1 na chenji inunue zulia. Na wewe ambaye tayari una mashine na ulikuwa unajiandaa kuongeza hela uibadilishe, nenda kwanza kwenye seting ya TV uangalie hiyo PCM.